Tausi Hakugongwa na Gari

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na sababu unaijua. Kwa Kijaluo mdomo wangu hulainika wenyewe mbele yako, narudi kuwa yule uliyemwita nyara, yaani binti yangu kwa lugha yetu, wa kukuletea maji ya kunawa. Kiswahili kilikuwa lugha yako ya kazi. Wateja uliwasemesha kwa Kiswahili, askari wa kizuizi cha barabarani kwa Kiswahili, na mbwa wote pale nyumbani Migori uliwaamuru kwa Kiswahili: keti, tulia, wacha, njoo. Na siku uliponiuza, uliniuza kwa Kiswahili. Basi leo tutaongea hicho hicho, na wewe ndiye utakayenyamaza.

Una miezi mitano ardhini sasa. Ouma, mwanao mpendwa, amekujengea kaburi la vigae vyeupe, vile vya kuweka bafuni, na mvua ikikatika kuku wanapanda juu kujikausha. Ungekuwa hai ungemfokea mpaka majirani watoke nje. Mimi nilisimama hapo nikacheka, Mungu anisamehe, halafu nikalia, halafu nikacheka tena. Siku hizi niko hivyo.

Mazishi yako yalijaa. Walikuja walimu wenzako wa zamani, watu wazima uliowafundisha bayolojia wakiwa na kaptura, wazee wenzako wa kanisa, na wateja wa mbwa kutoka Rongo, Homa Bay, mpaka Isebania. Mchungaji alihubiri juu ya msamaha, na mfano wake ukawa wewe. Akasema marehemu alikuwa na mbwa jike aliyempenda sana, na binti yake mwenyewe akamkanyaga kwa gari kwa uzembe, lakini mzee huyu, ndugu zangu, alimsamehe, na binti huyo ndiye aliyemwuguza mpaka pumzi ya mwisho. Watu wakaitika amina. Vichwa vikageuka kunitafuta. Na mimi nikainamisha changu, Baba. Nikakushukuru kimoyomoyo kwa kunisamehe.

Nilikuwa bado sijajua kitu.

Nilijua nikiwa nimeshika sahani. Tulikuwa kwenye foleni ya wali na nyama, na nyuma yangu alisimama Daktari Ochola, yule daktari wa mifugo wa Kisumu, mtu mpole mwenye miwani. Alinipa pole. Akasema mzee alikuwa jasiri, kwamba siku alipomsomea majibu ya mbwa wake Tausi na ya Kaiza, mtoto wa Tausi, alilia, akajifuta, akaahidi kuufunga ukoo huo usizae tena, kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwuliza majibu gani. Akashangaa. Akasema majibu ya kipimo cha jeni, yale ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Nikamwuliza lini. Akasema ilikuwa Machi ya mwaka ule Tausi alipokufa.

Machi. Wewe ulinisingizia Aprili.

Niliweka sahani chini kwenye nyasi nikaenda nyuma ya vibanda vya mbwa. Kaiza alikuja kwenye waya akaninusa mkono.

Hadithi unaijua vizuri kuliko mimi, lakini nataka niisimulie mimi mara moja tu, bila wewe kunikatiza. Ulipostaafu ualimu ulikwenda Nairobi ukarudi na Tausi kwenye boksi la mkate, kitoto cha mbwa wa Kijerumani chenye masikio yasiyosimama. Mama alikucheka. Lakini mimi nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi, nikawa mwanafunzi wako. Ulinifundisha kuchemsha matumbo ya kichinjioni na kuyachanganya na ugali na omena, dagaa wa ziwa letu. Ulinifundisha kumpokea mtoto wa mbwa anapozaliwa, kumtoa kwenye utando, kumsugua na taulo mpaka apige kelele. Kuna yule wa Tausi aliyetoka baridi, unakumbuka? Ulisema tumwache. Nikamsugua robo saa nzima, nikampulizia puani, na alipolia uliniambia mbele ya wateja kwamba mikono yangu ni ya dhahabu. Yule ndiye Kaiza. Mimi ndiye niliyemleta duniani, na hilo pia nimelibeba.

Kaiza akawa dume lako la sifa. Mtu akileta jike lake apandwe, hukutaka pesa. Ulitaka mtoto mmoja wa kuchagua mwenyewe, na kila mara ulichagua jike. Hao majike walikua, ukawapandisha kwa Kaiza, baba yao. Uliita hivyo kurudisha damu nyumbani. Ulijivunia sana. Mgongo ule ule, rangi ile ile, kichwa kile kile, na watu wakalipa wakisifu mbwa wa mwalimu wanafanana kama sahani za seti moja.

Na mimi ukaniharibia nini? Kijana wa Ndhiwa alikuja na wazee wake, kwa heshima, na mimi nilimpenda, leo naweza kukuambia nilimpenda. Ukatuma watu wakachunguze. Wakarudi wakasema nyanya wa nyanya yake na nyanya wa Mama walitoka ukoo mmoja. Ukawarudisha wale wazee na soda zao hawajamaliza. Damu haichezewi, ulisema, na ulikuwa na haki, ndivyo tulivyo, Mjaluo hamwoi wa kwao hata kama undugu wenyewe uko kwenye makaburi. Nilikubali. Wiki hiyo hiyo ulinituma nimshikilie Nyota, binti ya Kaiza, apandwe na Kaiza.

Halafu Tausi akafikisha miaka minane. Nilikuwa wa kwanza kuona. Nilikuambia, Baba, Tausi anaburuta kucha za nyuma, zimelika mpaka zinatoa damu. Ukasema ni uzee. Lakini hukuamini maneno yako mwenyewe, kwa sababu ulimchukua yeye na Kaiza mkaenda Kisumu, ukaniambia ni chanjo. Daktari amenieleza mlichofanya. Kijiti chenye pamba, kinasuguliwa ndani ya shavu la mbwa, kinakaushwa, kinatiwa kwenye bahasha, kinatumwa maabara nje ya nchi. Mnasubiri wiki kadhaa. Yaani ulisubiri ukila nasi meza moja.

Majibu yenyewe ungeweza kuyafundisha ukiwa usingizini. Si uliwahi kunieleza kwa maharagwe pale mezani? Kila mtoto anapata punje moja ya baba na moja ya mama. Mwenye punje moja mbovu anaibeba tu, haumwi, lakini anaweza kuirithisha. Mwenye mbili mbovu ndiye anayesubiri, na akizeeka mishipa ya mgongo inaoza kuanzia nyuma, miguu inasahau kazi yake, na dawa hakuna. Tausi alikuwa na mbili. Maana yake kila mtoto aliyewahi kumzaa ana angalau moja, wote, bila kubakisha hata mmoja. Kaiza akiwemo, na wewe ulikuwa umewaoza binti zake kwake mwenyewe, baba yao. Ulikaa miaka thelathini ukichora hesabu hiyo ubaoni kwa watoto wa watu.

Sasa nifike Aprili. Asubuhi ya Jumapili, mvua imenyesha, mimi narudisha pikapu nyuma niende kichinjioni. Nikasikia kitu, kwaa! Nikashuka mbio. Lilikuwa dumu la maji limepasuka chini ya tairi. Tausi alikuwa amelala kando ya geti, kama hatua tatu hivi, ananitazama. Nikamwita akaja, akiburuta kama kawaida yake. Ikaisha hivyo. Nilikusimulia mwenyewe juu ya lile dumu, tukacheka.

Jumatano akaja yule meneja wa kampuni ya walinzi kutoka Homa Bay. Alitaka watoto sita. Ulikuwa umemwandalia chai, maziwa mengi. Tausi akatoka kwenye kibanda chake akavuka uwanja, na siku hiyo miguu ilikuwa mibaya, kiuno kinayumba huku na kule, mguu mmoja umekunjika chini. Meneja akaweka kikombe. Akauliza, huyu ana nini? Ukanitazama. Haikuwa hasira. Ulinitazama kama mtu aliyebeba gunia anayetafuta mahali pa kulitua. Kisha ukasema, kwa Kiswahili chako safi cha mwalimu, "Huyu binti yangu alimgonga akirudisha gari nyuma."

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Halafu nikakumbuka ile kwaa! Nikawaza, labda lilikuwa dumu na Tausi pia. Labda tairi lilimgusa nikadhani ni dumu peke yake. Baba hawezi kusema kitu kama hicho bure. Nikafunga mdomo, na meneja akatikisa kichwa akaniambia wanawake na usukani, na akachukua watoto wake sita.

Huo ndio ubaya wako wote kwa kifupi. Hukunidanganya tu. Uliniacha nijidanganye mwenyewe, ukakaa pembeni unanitazama nikifanya kazi hiyo.

Kufikia Sabato kanisa lote lilijua. Mama hakunisemesha wiki mbili. Nikamwuguza Tausi miezi mitano, nikimwinua kiuno kwa leso akajisaidie, nikimfunga nepi, nikimgeuza ili asiote vidonda. Hakulia hata mara moja. Hapo ningetia akilini! Mbwa aliyevunjwa mgongo hupiga kelele mpaka ukome mwenyewe. Ule ugonjwa ndio usio na maumivu. Nikamwona anavyonitazama kwa upole nikadhani ananisamehe, nikazidi kulia. Na alipoacha kuinuka kabisa ukamwita jamaa wa sindano ya kumlaza moja kwa moja. Mimi nikasema siwezi kuangalia. Ukasema, "Wewe ndiye uliyemvunja. Wewe ndiye utakayemshika."

Nikamshika. Kichwa chake kilikuwa hapa, kwenye goti langu la kulia. Wewe ulisimama mlangoni mwa kibanda, mikono nyuma, mtu mwenye majibu mfukoni.

Baada ya hapo ukanikataza kugusa mbwa. Nikaenda Homa Bay kuuza kwenye duka la dawa za mifugo la mtu, nikapanga chumba, na kila mteja aliyekuja na mbwa nilimwomba mwenzangu amhudumie. Miaka miwili na nusu, Baba, mikono ya dhahabu ikipima dawa ya kupe kwenye chupa za soda.

Halafu ukapigwa na kiharusi. Ouma ana duka lake la spea za pikipiki, Mama ana mgongo, basi nikaitwa mimi. Na nikaja mbio, mjinga mimi, nikaona hii ndiyo nafasi ya kulipia. Nilikufunga nepi. Nilikugeuza. Nilikulisha uji kwa kijiko na kukupangusa kidevu. Ulikuwa na miezi minne mizima. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalitoka. Maji, ulisema. Dirisha, ulisema. "Kaiza amekula?" uliuliza kila jioni, sentensi nzima, bila kukwama. "Akoth, si wewe" ni fupi kuliko hiyo. Nilikuwa hapo, sikio langu liko karibu na mdomo wako. Ungeweza kunong'ona.

Ningekusamehe siku hiyo hiyo, na hilo ndilo linaloniua. Ningekasirika, ningetoka nje, ningepiga ukuta, kisha ningerudi kukugeuza ubavu. Lakini ukakausha mdomo. Ukafa umekausha.

Sasa nikupe habari za baada yako. Ulimwachia Nyota mimba ya Kaiza, naye akazaa saba wiki tatu baada ya mazishi. Ouma alikuwa ameshawaahidi wote kwa watu. Nikampigia Daktari Ochola, akaniletea vijiti. Siku Ouma alipokwenda Kisii kuchukua mzigo wake nilikaa kibandani nikawasugua mashavu mmoja mmoja, na baba yao pia, nikaandika majina kwenye bahasha. Wiki nne nilikuwa nikishtuka kila simu inapolia. Majibu yakaja. Kaiza ana punje moja mbovu, vile vile ulivyosomewa. Kati ya wale saba, mmoja tu ni msafi. Wanne wanabeba. Wawili wana zote mbili.

Nikamweleza Ouma. Hakunipinga hata kidogo. Alisema, "Watu wanataka mbwa ya kubweka kwa gate, Akoth, si mbwa ya kuzeeka." Nikachukua simu nikawapigia wateja wote mbele yake, nikawaeleza. Wakajitoa, isipokuwa yule wa mtoto msafi. Ouma akaniita mchawi. Akasema ndiyo kwanza nimemaliza kazi niliyoianza kwa pikapu. Kwa hiyo hata yeye anaamini, au anajifanya, sijui lipi ni baya zaidi.

Ndipo nikachukua daftari lako la ukoo, lile uliloandika kila mbwa na mama yake na baba yake na alikoenda. Ukurasa wa Tausi umeandika kwa mwandiko wako mzuri: amegongwa na gari, Akoth. Mpaka kwenye daftari ambalo hakuna mtu angelisoma! Nikaanza kuwafuata walionunua watoto wa Tausi. Wengine simu zimekatika. Wengine mbwa waliibiwa, au walikufa kwa sumu. Lakini kule kijijini Kisegi nilimkuta Jasiri, mtoto wa Tausi wa uzao wa kwanza, amelala juu ya gunia kwa Mama Nereah, miguu ya nyuma imefungwa vipande vya leso kwa sababu ya vidonda. Miguu ya mama yake kabisa. Nilikaa chini kwenye vumbi nikamshika kichwa.

Mama Nereah akanieleza kwamba alikupigia simu Jasiri alipoanza kuyumba, na wewe ukamwambia achunguze vizuri, kuna mtu amempiga mbwa huyo. Akachunguza. Kando ya ua wake anaishi mke mwenza wake, Mama Risper, ambaye hapendi mbwa kusogelea omena wake juani. Basi. Wamekaa mwaka na nusu hawasalimiani. Mama Risper alifiwa na mjukuu, na Mama Nereah hakuvuka ua kwenda kulia naye. Ulitoa maneno machache kwa simu, ukiwa umekaa kwenye kiti chako Migori, na mtoto akazikwa nyanya mmoja akiwa amejifungia ndani.

Nikamweleza kila kitu. Punje, kipimo, Tausi, wewe. Alisikiliza mpaka mwisho akichambua mchele. Kisha akasema, "Wacha tu iwe yeye. Mimi nimeshazoea kumchukia." Akanifungia omena niwapelekee nyumbani. Akaniambia nisimpitie Mama Risper nikitoka. Nikampitia, nikamwambia, na Mama Risper akanisikiliza bila kusimamisha kazi yake, akasema asante, akafunga mlango.

Wale omena niliwachambua na Mama jikoni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, jinsi ya kumwambia taratibu asije akaanguka. Nikasema, Mama, Baba alijua. Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua. Alinisomea." Aliendelea kutoa vichwa vya omena, kimoja kimoja, anatupa kwenye sufuria ya mbwa. Nikamwuliza kwa nini mimi. Kwa nini hamkusema ni Ouma, ambaye huendesha lile gari kama kichaa, kila mtu angeamini. Na Mama akanijibu bila ukali wowote, kama anayenieleza njia ya sokoni. Ouma alikuwa anatafutiwa mke wakati huo. Jina lake lilikuwa na kazi. "Lako halikuwa linangojewa na mtu," akasema.

Nilinawa mikono nikatoka.

Kitu kimoja tu nilichotaka, Baba, na bado nakitaka: watu wale wale walioitika amina wasikie kwamba si mimi. Nilimwomba Mama aseme yeye. Alikataa, marehemu hasemwi. Nikaenda kwa mchungaji, akasema mambo ya familia yamalizwe na familia. Basi Sabato iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nikasimama mwenyewe. Nilikuwa na karatasi za maabara mkononi. Nikasema jina langu ni Akoth, ninyi mnanijua kama aliyemvunja mbwa wa mwalimu. Nikasema Tausi hakugongwa na gari. Nikasema baba yangu alikuwa na kipimo kilichomwambia mbwa huyo alizaliwa na ugonjwa wake, na alijua kabla hajanitaja. Nilikuwa na mengi. Nilikuwa sijafika hata kwa Jasiri. Na hapo mtu akaanzisha wimbo, sauti nyembamba kutoka kwa kina mama, wengine wakaudaka, wakasimama, wakapiga makofi, na mimi naendelea kusema na sijisikii mwenyewe. Nikageuka kuona ni nani.

Ni Mama. Alikuwa akiimba macho yamefunguka, ananitazama.

Kwa hiyo kanisani kwako bado mimi ni yule yule. Kisegi Mama Risper bado ni yule yule. Umeshinda huko, hongera. Lakini kuna mahali hukushinda. Kaiza nimemhasi. Daktari Ochola alikuja na vifaa vyake Ouma akiwa kazini, na aliyemshika ni mimi, na alipoamka alinilamba kiganja. Nyota naye amefungwa kizazi. Hakuna damu itakayorudishwa nyumbani tena. Wale wanne wanaobeba nimewapa watu ninaowaamini, na kila mmoja ameniwekea sahihi kwamba atamleta ahasiwe akikua. Mmoja wa wale wawili wabaya Ouma alimwuza upande wa Isebania nikiwa Homa Bay, hataki kuniambia ni kwa nani. Mahali fulani kule kuna mtu anamlisha, anamsifu mgongo wake, hajui.

Wa pili, jike mdogo, ninaye hapa Homa Bay kwenye chumba changu. Hakuna aliyemtaka baada ya kuona karatasi. Ana miezi minne, anatafuna kandambili zangu, anakimbia kwenye korido ya ploti ya wapangaji mpaka anateleza anagonga mlango wa jirani. Anakimbia sana, Baba. Huwa nasimama namtazama miguu ya nyuma inavyofanya kazi, sawasawa kabisa, na nikikukumbuka ni wakati huo, kwa sababu hakuna mwingine angemwona kama tungemwona mimi na wewe. Nimekukosa. Sikutaka kuandika hilo, lakini limetoka, wacha libaki.

Kwaheri, Baba. Sitakuja tena kaburini mpaka Mama aseme yale aliyoyajua, na kwa jinsi nilivyomwona akiimba, usiningojee.

Ahadi yangu ni hii. Huyu mdogo nitakaa naye, labda miaka saba, labda minane. Siku kucha zake zitakapoanza kukwaruza sakafu, nitakuwa nimeshajua, na sitamtafuta dereva, wala jirani, wala binti wa mtu. Watu wataniuliza, maana watu huuliza, huyu amegongwa na nani? Nitawajibu ni baba yangu. Na wasipoelewa, nitawatajia majina yako yote matatu, polepole, kwa Kiswahili.

Akoth